Waridi la Mzee Andongwisye

Mzee Andongwisye alichuma jani kwenye waridi la Gwantwa, akalifuta vumbi kwa kidole gumba, kisha akahesabu kwa sauti mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano. Vijani vitano kwenye kikonyo kimoja. Waridi la porini lina saba. Hili si la porini. Hili ni langu."

"Mawaridi mengi yana vitano, mzee," alisema Rubeni, mwenyekiti.

"Wewe unajua nini? Wewe ni mtu wa maharage."

Kwa Andongwisye, kijiji kizima cha Ikinga kilikuwa watu wa maharage. Yeye alikuwa amefanya kazi miaka tisa kwenye bustani ya tajiri mmoja huko Zambia, akarudi na waridi moja ndani ya kopo la maziwa. Tangu siku hiyo aliwatazama majirani zake kama mbuzi waliovalishwa nguo.

Ua lenyewe lilikuwa zuri, hilo halina ubishi. Jekundu karibu na weusi, lenye harufu ya karafuu. Watu waliomba kijiti wapande, akawanyima. Akipogoa, matawi aliyachoma moto na kusimama pale mpaka yawe majivu. Mchungaji alipoomba kijiti kwa ajili ya uwanja wa kanisa, alimwambia apande mchicha.

Sasa waridi lile lile lilikuwa limechanua nyumbani kwa Gwantwa, kando ya banda la kuku.

"Aling'oe leo, mbele ya macho yangu," alisema. "Na Jumapili asimame kanisani akiri wizi."

Gwantwa alikuwa mzee wa kanisa na mwalimu wa kwaya ya kina mama. Mwizi hutengwa pale, hata awe nani. Na binti yake, Tumpale, alikuwa anafunga ndoa baada ya wiki tatu. Mama yake angekaa kwenye benchi la nyuma kabisa, mdomo umefungwa, wakati kwaya yake mwenyewe inaimba.

"Tumpale abebe maua ya maboga," Andongwisye aliongeza. "Yanamfaa."

"Mzee, maliza kuthibitisha," alisema Rubeni.

Akathibitisha. Alionyesha miiba myekundu iliyopinda kuelekea chini kama kucha za kuku. Alifungua ua, akaonyesha doa jeupe kwenye kitako cha kila petali. Alimsukumia Rubeni ua puani. Ilikuwa karafuu, hakuna lingine.

Rubeni alishusha pumzi. "Mama Tumpale, hili ni la mzee. Ulilitoa wapi?"

Gwantwa alimtazama Andongwisye kama mtu anavyomtazama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni.

"Shemeji, tuyaache haya," alisema. "Nitaling'oa. Lakini kanisani sisimami."

"Utasimama!"

"Shemeji, nakuomba."

"Utasimama, na utasema kwa sauti, mpaka wa benchi la mwisho wasikie!"

"Haya. Alinipa Jenista."

Jenista alikuwa mke wa Andongwisye. Mzee akacheka.

"Jenista! Yule aliyepanda vitunguu vikaoza vyote! Kumbe mwizi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja."

"Mzee, yule ni marehemu," alisema Rubeni.

"Basi ni marehemu mwizi. Alikupa lini?"

"Mwaka jana, mvua zilipoanza."

Andongwisye alipiga makofi. "Mwenyekiti, andika hayo! Jenista ana miaka minne ardhini. Mwaka jana amempa vipi kijiti?"

Rubeni alikuna kichwa. Miaka minne, ndiyo. Yeye ndiye aliyeongoza ratiba siku ya mazishi, akiita watu mmoja mmoja waje kuchomeka maua kwenye udongo mbichi wa kaburi. Mvua ilikuwa inanyesha.

"Nakumbuka, mzee," alisema polepole. "Watu walichomeka mafungu mazima. Wewe ulichomeka ua moja."

"Moja lilitosha. Nililikata mwenyewe, kwa kisu kikali. Ninyi mlileta ya plastiki. Sasa unaandika au huandiki?"

Gwantwa aliingia ndani, akatoka amevaa buti za mvua.

"Twende, shemeji. Ukamuulize mwenyewe."

Mzee alikwenda, kwa sababu alitaka kuona uongo wa Gwantwa utaishia wapi. Njia nzima alisema. Alisema wanawake wa Ikinga hata kuiba hawajui. Alisema Jumapili atakaa benchi la mbele. Walipofika makaburini alishika njia ya kushoto, na Gwantwa akamvuta mkono wa shati.

"Ni huku, shemeji."

Waridi lilikuwa limempita mtu urefu. Lilisimama upande wa kichwa cha kaburi, palepale alipochomeka lile ua moja, jekundu karibu na weusi, na harufu ya karafuu ilikuwa imewafikia kabla hawajasoma jina msalabani. Matawi yake yalikuwa na alama nyingi za visu, za zamani na za jana. Udongo ulikuwa safi, haukuwa na hata jani moja la gugu.

Tupokigwe, mke wa mchungaji, alikuwa amechuchumaa pale akipalilia. Aliona miguu ya mwanaume ikisimama mbele yake, na bila kuinua kichwa akaisogezea jembe.

"Kama umefuata kijiti, panga foleni," alisema. "Utaratibu ni mmoja kwa wote. Palilia kwanza, ndipo Jenista akupe."