Jeneza la Msaji

Kamusi aliomba moyoni mwalimu apotee njia, lakini wapi! Karakana ya majeneza haimpotezi mtu. Iko nyuma ya hospitali, na harufu ya vanishi inakupokea kabla hujafika.

Jina hilo la Kamusi alipewa na wenzake darasani, kwa kuwa hakuna neno lililompita. Safari hii maneno yalikuwa yamemponza. Alikuwa ameomba chuo kikuu cha ng'ambo, kile kinachochuja watu mpaka wanabaki wa kuhesabika, nao wakamtaka aeleze jambo zito lililowahi kumkuta. "Bila msiba hupenyi," wenzake walimtania. Basi akaandika mazishi ya baba yake. Akalieleza jeneza utadhani unalipapasa: mbao za msaji, pembe zilizosuguliwa kwa mkono, kifuniko kinachofunga bila kelele. Wakubwa wa chuo wakaguswa. Wakaitaka shule iwathibitishie tu kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Mwalimu alikuwa amehamia muhula huohuo, na ni mtu wa kupenda mambo yaliyonyooka. Akasema hana haja ya kwenda kumliza mama mjane. Fundi wa jeneza atatosha, na mji mzima una mmoja tu.

Sasa walikuwa mlangoni. Fundi alikuwa ameinamia benchi, penseli sikioni, maranda yamemfunika miguu.

"Shikamoo, mzee," alisema mwalimu.

"Marahaba. Karibuni. Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, fundi," alisema Kamusi.

Randa ikasimama. Fundi akamtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine. Kamusi akainamisha macho, yakatua kwenye chupa ya chai chini ya benchi, akayahamisha haraka. Aibu ilimpanda kuanzia miguuni. Alijiona mwizi, tena mwizi wa mchana kweupe.

Mwalimu akaeleza yote: chuo, insha, msiba. "Jeneza la baba yake alilitengeneza nani, mzee, kama si wewe? Ukiniambia ndivyo, natuma jibu sasa hivi na binti anakwenda. Ukisema sivyo, basi, yamekwisha."

"Baba yake?"

"Baba yake."

Fundi akajifuta vumbi usoni kwa kiwiko. Akamgeukia Kamusi. "Alifariki lini vile?"

Laiti ardhi ingepasuka! "Mwaka jana," alijibu. "Wakati wa mvua."

"Ee. Mvua zile." Fundi aliupitisha mkono juu ya ubao, taratibu, kana kwamba anatafuta mwiba. "Nakumbuka. Msaji. Marehemu alikuwa wa kimo changu hivi. Jeneza lake nililichonga mimi, sikumwachia mtu."

Mwalimu akashusha pumzi. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Wa kawaida tu. Hakusoma. Ila akianza kumsifu bintiye, mtaa mzima ulikuwa unamkimbia." Fundi akacheka kidogo, akakohoa. "Alisema mtoto yule atafika mbali. Naona anafika."

Kamusi alitaka kusema neno. Yeye, Kamusi mzima, alitafuta neno moja tu akalikosa.

Mwalimu akatoa simu, akaandika papo hapo, akatuma. "Imekwenda! Mungu akulipe, mzee." Akatoka kwenda kuwasha pikipiki.

Kamusi alibaki amesimama kwenye maranda, machozi yanamtiririka. Fundi alikwisha rudi kwenye randa yake, hamtazami.

"Nenda, mwanangu, mwalimu anakusubiri," alisema. "Na mwambie mama yako leo nitachelewa kurudi."