Fundo la Vidonge

Tunu, mpishi wa pilau za harusi, alikuwa ameshayapanga masufuria yake mlangoni ili ayagawe. Kichwa kilikuwa kikimuuma hadi upishi umemshinda.

"Kila siku nameza vidonge, na kila siku kinauma!" alimlalamikia wifi yake Mwanakheri, muuguzi wa zahanati.

"Basi ni hivyo vidonge vinavyokuumiza sasa. Ukiviacha, siku za mwanzo utalia. Halafu kitatulia."

"Sema unataka nife, urithi masufuria."

"Hayo yenye masizi? Zikwa nayo, wifi yangu!"

Tunu alicheka huku amekishika kichwa. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akammwagia Mwanakheri vidonge vyote kiganjani. Kisha akalifunga tena, tupu, akaanza kuliburuta ndani sufuria kubwa kuliko yote.