Tembe Tunaye

Kila asubuhi, Kanga mchuuzi alipita mbele ya banda la kuku akinadi: “Tembe! Tembe za dawa! Tia majini, wanywe wagonjwa na wazima!” Kuku wakatia bila kuuliza, hadi vifaranga walipougua kwelikweli na dawa isifue dafu.

Tembe, kuku kijana ambaye hajataga hata yai moja, alimzika mdogo wake, kisha akasimama mbele ya wakubwa.

“Dawa tumeinywa kama maji,” alisema, “sasa nayo inaponya kama maji. Tufagie banda, tuanike matandiko, mgonjwa atengwe. Nawe shangazi Bata, uniwie radhi, miguu yako ya matope ndiyo inayotuchafulia maji.”

Bata akanuna.

“Basi uyalinde wewe,” Tembe akambembeleza.

Banda zima likashika kazi. Vifaranga wakachangamka, wakanenepa. Kanga aliporudi alimkuta Bata mlangoni, kifua mbele, miguu inang'aa.

“Nani anataka tembe?”

“Tembe tunaye,” alijibu Bata. “Yule pale, mwenye ufagio. Nawe usiingie na matope, nawa miguu kwanza!”

Tembe alisikia. Akaendelea kufagia, mkia juu.