Maji Meupe kwenye Beseni

Nililoweka kanga ya marehemu mama kwenye maji baridi ili itoke harufu ya uvundo, na maji yakageuka meupe kama maziwa.

Ukungu haufanyi hivyo. Hapa Ngulyati kila mkulima wa pamba anajua kinachofanya hivyo.

"Masunga! Nani ametia dawa ya pamba kwenye sanduku la mama yangu?"

Mume wangu alitoka ndani akitafuna muhogo, bila haraka. "Mimi. Panya wangezimaliza nguo zake. Nilinyunyiza kidogo tu."

"Sumu, kwenye nguo?"

"Si ulitaka zitunzwe?"

Dawa yenyewe haina hata jina. Tangu chama cha ushirika kiache kuigawa, inauzwa dukani kwa kijiko, kando ya sukari, na kufungwa kwenye gazeti. Akaumwagia uchafu huo urithi wangu, akakaa kimya msimu mzima!

Niliinua kanga nimtandike nayo usoni. Maji yakanichuruzika hadi viwikoni, na mkono ukaishia hewani.

Doti ni kanga mbili. Ya pili, iliyotoka sanduku hilo hilo, mama mkwe alikuwa amembebea mwanangu tangu asubuhi, na mwanangu anaota meno, anatafuna kila pindo linalomfikia.

"Acheni makelele," mama mkwe alisema kutoka nyuma ya nyumba. "Mtoto ndiyo kwanza amelala."