Jina la Baba Mkwe

Basi enzi hizo kila nyumba ilikuwa na ukuta wake wa mtandao, programu huria kwenye kikompyuta kidogo kama kipande cha sabuni. Fundi akija kuuweka, aliyemo ndani ndiye anataja kwa mdomo wake watakaoruhusiwa kupiga simu, halafu ukuta unajifunga mwaka mzima.

Tumpe akataja mama yake, dada zake, mawifi. Fundi akauliza:

"Na baba mkwe?"

"We fundi, Mnyakyusa gani anataja jina la mkwewe? Litaje wewe."

"Ukuta hauitaki sauti yangu, mama."

Tumpe akafungua mdomo, akaufumba. Taa ikawaka kijani: ukuta umeshajifunga.

Jioni mumewe akaingia. "Baba kanipigia kazini, yu hoi. Anataka kutuaga sote. Atapiga hapa."

Tumpe akaiweka simu katikati ya meza, akaongeza sauti mpaka mwisho.