Kilima cha Pili

Enzi hizo mioyo ya plastiki ilipimwa kila mwaka. Mwenye moyo uliochoka alipelekwa kambini kungojea mwingine, na wengi hawakurudi. Safari hii kipande cha moyo wa Kombo kilimwangukia mkewe, Nasra, mpimaji wa maabara.

Alikiyeyusha, akakipitisha kwenye mtambo wa jeli. Molekuli ndefu za plastiki nzima hutoka kwanza. Zilizokatikakatika kwa moyo kuchoka hupotelea kwenye vitundu vya jeli na kuchelewa. Kwenye kioo cha mtambo mstari wa grafu ulichora kilima cha kwanza, kikapanda vizuri. Nasra akashusha pumzi. Kisha kikachomoza cha pili, cha zile zilizochelewa.

Akazima mtambo, akaandika kwamba moyo ni mzima.

“Vipi, mama Zuhra?” Kombo alimuuliza nyumbani, binti yao akiwa mabegani mwake.

“Salama,” alijibu. “Lakini mshushe mtoto, baba Zuhra. Taratibu.”

Kombo alimshusha taratibu, akaweka kiganja kifuani.