Koti la Daktari Salha

Koti jeupe lilishonwa Salha akiwa bado darasa la saba, na kifuani likatariziwa: Daktari Salha. Baba yake, Mzee Mbaruku, alilitundika sebuleni ili kila mgeni alione. Sasa matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka. Salha alikuwa amefaulu, ila si kwa alama za kumfikisha kwenye udaktari.

Wageni wa karamu ya kumpongeza, iliyopangwa kabla ya matokeo, walipojaa, baba alilitungua koti.

"Livae. Nimealika watu waje kumwona daktari, na watamwona."

Salha alimtazama mama yake. Mama akamfunga vifungo kimoja kimoja. "Vumilia, mwanangu. Unamjua baba yako."

Salha akachukua birika na beseni, akaanza kuwanawisha wageni, mikono ya koti ikilowa. Watu waliinamisha nyuso, mpaka shangazi yake, Bi Raya, alipomnyooshea mkono.

"Daktari, hebu nipime! Moyo unanienda mbio."

Sebule nzima ikaangua kicheko, na baba akacheka kuwapita wote.

Salha aliweka birika chini. Akaushika mkono wa shangazi, akabonyeza mshipa kwa vidole viwili, akaanza kuhesabu kwa sauti. Kicheko kikafifia.

"Haya, basi," alisema baba.

Salha aliendelea kuhesabu.

"Salha, nimesema basi!"

Shangazi alijaribu kuuchomoa mkono, ukakataa kutoka. Msichana alikuwa ameyakaza macho ukutani, namba zikimtoka moja baada ya nyingine, na wali ukipoa kwenye masinia.